Miguu ya Ndege na Mlango wa Zamani wa Msikiti

Mama mmoja jirani yetu alifika msikitini baada ya Swala ya Alasiri, mkononi ameshika sufuria kubwa isiyo na mfuniko. Alitoa salamu, tukamwitikia, naye akaketi upande wa baraza la kina mama na kusema kuwa hakuja kushitaki, amekuja kuuliza. Mfuniko wa sufuria ile, aliyopewa siku ya harusi yake, ulikuwa umeonekana chini ya kitanda cha mwanawe ukiwa umekatwa vipande viwili virefu mfano wa rula. Alipomwuliza, kijana alijibu kwa adabu zote kwamba vile vipande ni miguu ya ndege.

“Nimeambiwa nyinyi wa kamati mnaijua hiyo ndege,” alisema. “Basi nielezeni na mimi niijue, maana wali wangu hauivi juu.”

Kweli tulikuwa tunaijua. Vijana watano wa mtaa wetu hapa Tandahimba, wote wanafunzi wa sekondari na wote wahudhuriaji wa darsa la jioni, walikuwa wakiiunda ndege ya mfano tangu msimu wa korosho ulipomalizika. Mabawa yake yana urefu wa sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha. Kiwiliwili wamekiunda kwa vijiti vyembamba vya mbao na lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Mota ndogo ya umeme na betri vililetwa kutoka Dar es Salaam na kaka wa mmoja wao. Ndege nzima ina uzito wa kilo moja na nusu kasoro kidogo. Jambo la kurusha chombo kwa redio tulilikataa mapema, kwa kuwa habari ya ndege zisizo na rubani ina sheria zake, na idhini yake hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Nasi tunakaa karibu na mpaka. Ndege yao huruka kwa kuzunguka, imefungwa kamba mbili za mita 12, na anayeiongoza husimama katikati ya uwanja akizishika. Kamba moja ikivutwa, ndege hupanda. Nyingine ikivutwa, hushuka.

Kila kitu kilikuwa kimekwenda vizuri isipokuwa miguu.

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari za Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Kordoba katika Andalusia, aliyefariki mwaka 887. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, anasimulia kwamba Ibn Firnas alijivika manyoya, akajitengenezea mabawa, akaruka masafa ya kuonekana, kisha akaumia mgongo wakati wa kutua. Ilisemwa kwamba sababu ya kuumia kwake ni kutojitengenezea mkia, ilhali ndege wa porini hutua kwa msaada wa mikia yao. Tuliwasimulia vijana kisa hiki darsani tukidhani tumewapa faida kubwa. Mmoja akanyanyua mkono: “Ustadhi, mkia sisi tunao. Tatizo letu ni miguu.”

Na alisema kweli. Miguu ya ndege ina kazi mbili zinazopingana. Inatakiwa iwe myepesi, kwa kuwa kila gramu iliyo chini hubebwa na mabawa. Na inatakiwa iwe imara, kwa kuwa pigo lote la kutua hupokewa na miguu kabla ya kiwiliwili. Tena uimara wenyewe si ule wa jiwe. Mguu usiopinda hata kidogo hulipeleka pigo lote juu, na povu likavunjika. Mguu unaopinda usirudi hubaki umechanuka, ndege ikalala kwa tumbo. Kinachotafutwa ni mguu unaopinda na kurudi mahali pake.

Kwa kazi hiyo mafundi wa ndege za mfano duniani kote hupenda bamba la aluminiamu. Kipande chenye urefu wa sentimita 48, upana wa sentimita 5 na unene wa milimita 2 kina uzito wa gramu 130 hivi. Kipande cha chuma chenye vipimo hivyo hivyo kingekaribia gramu 375. Tena kwa unene ule ule na mzigo ule ule, aluminiamu hupinda karibu mara tatu zaidi ya chuma, na hiyo kwa miguu ya ndege si aibu.

Metali hii, kwa hakika, ilikaribia kufika kwenye uwanda wetu kutoka angani. Mnamo Novemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikirusha kutoka Jamboli, nchini Bulgaria, chombo cha angani kilichojazwa gesi, kiitwacho L59. Urefu wake ulizidi mita 220. Kilibeba tani 15 hivi za risasi, dawa na mahitaji mengine kwa ajili ya jeshi la von Lettow-Vorbeck, na mahali kilipokusudiwa kushuka ni hapa juu, kwenye uwanda wa Wamakonde. Mifupa yake ilikuwa ya duraluminiamu, yaani aluminiamu iliyochanganywa na shaba na metali nyingine kidogo. Hakikutarajiwa kurudi Ulaya. Mpango ulikuwa kivunjwe hapa hapa: kitambaa chake kiwe mahema na nguo, na mifupa yake itumike kwa mambo ya ujenzi. Kilifika anga ya Sudani, magharibi ya Khartoum, kikapata amri kwa redio kigeuze. Kilirudi Jamboli baada ya kukaa angani saa 95 mfululizo, na siku zile zile Lettow-Vorbeck akavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Vijana walipokisikia kisa hiki walisikitika kana kwamba chombo kimegeuzwa jana. Walikuwa wanahesabu miguu mingapi ya ndege ingepatikana katika mita 220.

Duraluminiamu yenyewe iligunduliwa na Mjerumani Alfred Wilm mnamo mwaka 1906. Aliipasha moto sana, akaipoza ghafla, akaiacha. Na alipoipima tena baada ya siku chache akakuta imekuwa ngumu zaidi bila ya kuguswa na mtu. Tunalitaja hili kwa sababu ndilo vijana wetu walilokuwa hawalijui, na sisi pia. Tulidhani aluminiamu ni aluminiamu. Kumbe aina zake zinatofautiana kama unavyotofautiana mti wa mpapai na mpingo.

Mfuniko wa sufuria ndio uliotufundisha. Sufuria zinazopondwa kutoka kwenye bamba hutengenezwa kwa aluminiamu laini iliyo karibu na utupu wake, ili ikubali kuvutwa na kuzungushwa bila kupasuka. Ulaini huo unafaa jikoni na haufai uwanjani. Miguu ya mfuniko ilikunjwa kwa mikono mitupu, ikapendeza, na ndege iliposhushwa mara ya kwanza ikachanuka pande zote mbili kama mwanambuzi aliyezaliwa asubuhi. Tulimweleza mama yule hivyo. Akauliza kama kwa maneno mengine mfuniko wake umekatwa bure. Hatukuwa na jibu la kumfurahisha.

Aluminiamu ipatikanayo Tandahimba

Mji wetu si wa viwanda, lakini aluminiamu imetuzunguka. Pikipiki zinazokufa huacha pistoni na maganda ya injini. Mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho nazo, zikichoka, huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hizo zote hazifai kwa kazi hii. Metali yake imemiminwa kwenye kalibu, na ukiipiga ili uikunje huvunjika ghafla, ukaona ndani chembe za kijivu kama sukari guru. Antena za zamani za televisheni ni vibomba vyepesi vinavyofaa kwa vitu vidogo. Vibao vya namba za magari ni vyembamba na laini. Bati jipya la kuezekea, lile linalong'aa, huwadanganya wengi: ni chuma kilichopakwa tu, na sumaku hulifichua mara moja.

Kwa sababu hiyo vijana walianza kutembea na sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Kinachonatwa ni chuma, kiachwe. Kisichonatwa hupimwa kwa mkono, maana chuma kisichoshika kutu nacho aghalabu hakinatwi, ila uzito wake humsaliti. Kilichobaki hukatwa ukanda mwembamba wa kidole kimoja na kukunjwa kuzunguka bolti. Ukivunjika, ni wa kumiminwa. Ukibaki ulivyokunjwa kama karatasi, ni wa sufuria. Ukikataa kidogo, ukapinda, kisha ukirudi nyuma nyuzi mbili tatu, huo ndio unaotakiwa.

Siku moja walikuja barazani wakifurahi. Walikuwa wamenunua kwa muuzaji mmoja wa vyuma chakavu, kwa shilingi 4,000, bamba zuri kuliko yote waliyoyaona: tambarare, unene wa milimita 2, halina kovu wala mkunjo. Upande mmoja lilikuwa limesuguliwa kwa msasa mpaka likang'aa. Lakini katika pembe moja msasa haukufika vizuri, na pale palibaki ukoko wa karatasi ile inayorudisha mwanga wa taa za gari usiku.

Lilikuwa kibao cha barabarani.

Msomaji anayezijua barabara za kushuka kutoka uwandani, upande wa Newala au njia yoyote iendayo bondeni, anajua kona zake. Baba wa mmoja wa vijana hawa huendesha lori, na katika msimu wa korosho hupita kona hizo usiku akiwa na mzigo. Kijana mwenyewe ndiye aliyeliona kabla yetu. Hakusema kitu, aliligeuza bamba lile mikononi mara mbili, akaliweka chini.

Palikuwa na mjadala, na hatutaki kuwapamba vijana wetu kuliko walivyo. Mmoja alisema pesa zimekwishatoka na kibao kimekwishang'olewa, hata wakikirudisha hakitasimama tena peke yake. Mwingine akauliza kama wana dhambi, nao hawakujua wakati wa kununua. Imamu wetu alimjibu kwamba swali la jana lina jibu la jana, na leo amekwishajua. Walirudi kwa muuzaji, naye akakana kuwa aliwahi kuwauzia. Basi tuliandika barua ya kamati, wakaipeleka pamoja na bamba kwenye ofisi ya mtendaji, wakapewa nakala yenye mhuri. Shilingi 4,000 zilipotea. Kwa vijana wanaokusanya fedha kwa vibarua vya kupalilia, huo si mzaha, na wiki mbili hawakuigusa ndege yao.

Mzani na daftari

Nyuma ya msikiti, karibu na tangi la maji, palikuwa na mlango wa zamani wa aluminiamu uliotolewa tulipoukarabati upande wa mbele. Vioo vilikwisha kuvunjika, fremu imepinda, na kwa muda mrefu kuku wa jirani walikuwa wakilala juu yake. Sehemu yake ya chini ilikuwa na ubapa wa sentimita 10, unene wa milimita 2. Fremu za milango na madirisha hutengenezwa kwa aloi yenye magnesi na silika kidogo: si ngumu kama mifupa ya L59, lakini ina mnyumbuko ambao sufuria haina. Vijana walikuwa wameipita kila siku wakienda kutawadha.

Wazee wawili walisema papo hapo: wapeni watoto, ni takataka. Sisi, kwa kuwa daftari la mali za msikiti liko mikononi mwetu, tulisita. Mali ya msikiti haigawiwi kwa huruma. Imamu Nawawi katika Minhaj ameipa nguvu kauli ya kuruhusu kuuzwa mikeka ya msikiti ikichakaa, na magogo yake yakivunjika yakawa hayafai ila kwa kuni. Na thamani yake hurudi kwenye maslahi ya msikiti wenyewe. Imamu wetu alitaka kwanza kujua mlango ule uliingiaje: je, kuna mtu aliyeutoa wakfu kwa jina lake, au ulinunuliwa? Tulifungua daftari. Ulinunuliwa kwa michango ya waumini, na risiti ya fundi ilikuwa bado imebandikwa ukurasani. Kamati ikakaa, ikakubaliana uuzwe kwa kilo, kwa bei ile ile anayoitoa mnunuzi wa vyuma chakavu, na yeyote anayetaka sehemu yake anunue.

Vijana walihitaji gramu 700. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, ikawa shilingi 2,100. Mzee mmoja alitaka kuwalipia, wao wakakataa. Baada ya jambo la kibao walikuwa wakitaka risiti yenye majina yao. Tuliiandika. Sehemu iliyobaki ya mlango ilichukuliwa na mnunuzi, na fedha zote zikaingia kwenye mfuko wa maji.

Tunakiri kuwa wapo waliotucheka kwa kupima gramu za mlango uliolaliwa na kuku. Tuliwaacha wacheke.

Kukunja

Kipande cha kwanza kilivunjika. Makosa yalikuwa matatu, na kila moja lingetosha. Vijana walichora mstari wa kukunjia kwa ncha ya msumari, ili uonekane vizuri. Mkwaruzo ule ukawa mwanzo wa ufa. Walikibana kwenye jiriwa yenye meno makali, kona ikawa kali kama ya karatasi. Na walikipiga kwa nyundo ya chuma. Walipofika nusu ya pembe, ukasikika mlio mdogo, na nuru ikapita katikati ya mkunjo.

Kipande kingine walikiharibu kwa moto. Mmoja wao alikuwa amesikia kwamba aluminiamu hulainishwa kwa kupashwa. Habari hiyo ni kweli. Mafundi huipaka sabuni kavu ya kipande, wakaipasha taratibu mpaka sabuni iwe nyeusi, na hapo joto limefika karibu nyuzi 400. Sabuni ndiyo kipimo, kwa sababu aluminiamu haikuonyi kwa kuwa nyekundu kama chuma. Kijana hakuwa na sabuni, akangoja rangi. Huyeyuka kwenye nyuzi 660, na katika mwanga wa mchana yeye hakuona dalili yoyote. Kipande kilidondoka ndani ya jiko la mkaa kama uji. Alhamdulillahi hapakuwa na maji karibu, kwa kuwa maji yakikutana na metali iliyoyeyuka hulipuka. Tangu siku hiyo moto ulipigwa marufuku pasipo mtu mzima. Na hata ukifanikiwa, aloi ya fremu ikilainishwa namna hiyo hupoteza mnyumbuko wake na hubaki laini, ikarudi katika tabia ya mfuniko wa sufuria. Imamu alikumbusha kwa tabasamu kuwa aliyelainishiwa chuma ni Nabii Daud, amani iwe juu yake, na kwamba sisi wengine tutumie jiriwa.

Msaada ulitoka mahali tusipopatarajia. Mzee mmoja anayechonga vinu na miko alikuwa akipita, akakichukua kipande kilichovunjika, akakielekeza juani. “Mkondo wake unaelekea wapi?” aliuliza. Vijana hawakuelewa. Akawaonyesha mistari myembamba sana inayokwenda na urefu wa fremu, iliyoachwa na kiwanda wakati metali iliposukumwa kupita kwenye tundu la umbo lake. “Mti ukiukunja kwa kufuata mkondo, unapasuka. Ukiukunja kwa kuukata mkondo, unavumilia. Hiki nacho naona kina mkondo.” Mafundi wa ndege husema vivyo hivyo kuhusu bamba la aluminiamu: mstari wa kukunja uukate mkondo. Vijana walikuwa wameupata mwelekeo sahihi kwa bahati, kwa sababu fremu ilikuwa ndefu; hawakuupata kwa elimu.

Kipande cha tatu kilianza kwa kadibodi. Walikata umbo kutoka kwenye boksi la sabuni, wakalikunja, wakalifunga chini ya ndege, wakapima. Katikati sentimita 8, sawa na upana wa kiwiliwili. Kila mguu sentimita 16, ukiinama nyuzi 45. Ncha sentimita 4 kila upande, zikisimama wima kwa ajili ya ekseli. Magurudumu yakawa yameachana kwa sentimita 30 na ushei, karibu robo ya urefu wa mabawa, kiasi ambacho ndege haipinduki kwa ubavu.

Kisha palikuwa na suala la mahali pa kuyaweka. Ndege yenye gurudumu dogo mkiani hutaka magurudumu makubwa yatangulie mbele kidogo ya kitovu cha uzito, pale ambapo ukiinyanyua kwa vidole viwili chini ya mabawa hailali mbele wala nyuma. Yakiwa nyuma ya hapo, ikitua huanguka kifudifudi na kuvunja panga lake. Yakiwa mbele mno, hurukaruka kama panzi. Walitafuta pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kutoka kwenye kitovu kushuka hadi gurudumu linapogusa ardhi, na kwa kimo cha ndege yao ikatoka sentimita 5 mbele.

Kukata kulichukua jioni tatu. Mistari yote ilichorwa kwa penseli. Miguu ilipunguzwa upana kuelekea chini, kwa kuwa nguvu ya kupindisha ni kubwa juu na ndogo karibu na ekseli. Gramu 30 zikaondoka hapo. Kingo zote zilipitishwa tupa, kisha msasa, mpaka ukipitisha kidole haukwami popote. Kazi hii vijana waliichukia, nasi tulikaa nao makusudi ili wasiiruke, maana kingo yenye meno ni msumari ule ule wa kwanza kwa sura nyingine.

Kwa mkunjo walitafuta kitu cha duara. Walianza na nondo ya milimita 12, lakini mbavu zake zinaacha alama, basi wakapata fimbo laini ya chuma ya unene huo huo kwa fundi wa mageti. Bamba la milimita 2 lililokunjwa kuzunguka fimbo hiyo lina nusu kipenyo cha milimita 6 ndani ya kona, yaani mara tatu ya unene wake, na aloi ya fremu huvumilia hivyo bila moto. Meno ya jiriwa yalifunikwa kwa vipande vya mbao. Badala ya nyundo walisukuma kwa ubao mrefu, taratibu, wote watano wakiwa wameshika pumzi. Walipita nyuzi 45 kidogo, hadi 48, kwa kuwa metali hurudi nyuma ukiiachia. Ilirudi. Wakaweka kadibodi juu yake, ikakaa.

Hawakuifunga miguu kwa bolti. Waliifunga kwa mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli, mpira ule ule wa manati, ili pigo likizidi kiasi miguu iachie na kiwiliwili kisalimike. Ekseli ni bolti mbili za milimita 4 zenye nati mbilimbili.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye uwanja wa shule. Mama wa mfuniko alikuja pia, akiwa na nduguze wawili. Mwanawe alikuwa amemnunulia mfuniko mpya, usiolingana sana na sufuria, naye alikuwa ameupokea bila maneno mengi. Kijana wa dereva ndiye aliyeshika kamba. Ndege iliruka mizunguko sita. Ilishuka mara ya kwanza, miguu ikapanuka kwa nusu kidole tukaiona kwa macho, ikarudi, na ndege ikabingirika hadi ikasimama. Sisi wa kamati tulipiga takbiri kwa sauti kubwa kuliko inavyopasa kwa watu wa makamo yetu.

Mara ya pili upepo uliingia kutoka ubavuni. Ndege ilishuka kwa gurudumu moja, mpira ukakatika kama ulivyokusudiwa, kiwiliwili kikateleza kwenye majani bila hata ufa, na miguu ikaendelea peke yake ikibingirika mpaka mbele ya miguu ya mama yule. Aliinama, akaiokota. Aluminiamu hakuitazama sana. Aliligeuza gurudumu, akaliminya, akaangalia rangi yake ya samawati na chapa iliyobaki pembeni, kisha akamtazama mwanawe. Kandambili zake alikuwa akizitafuta tangu mwezi wa Rajabu.